Tunaijua Brentford, hatuijui Nakonde

Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 14, 2021, kijiwe chetu cha kahawa pale Tandika kilikuwa kama msibani. Usiku wake Arsenal walikuwa wamepigwa mbili bila na Brentford, timu iliyokaa miaka 74 bila kuionja ligi ya juu ya Uingereza. Birika la kwanza halijaisha, fundi viatu wa kijiweni hapo alishanipa darasa zima: Brentford ipo magharibi mwa London, uwanja wao ni mpya na umebanwa na reli, na mwenye timu alitajirika kwa kubeti kwa mahesabu. Baadaye nilikwenda kuhakiki. Kila alichosema kilikuwa kweli. Fundi huyu hajawahi kupanda ndege, na pasipoti huwa anaiona kwa wenzake.

Siku moja kabla ya mechi ile, Wazambia walikuwa wamepiga kura. Mjomba wangu, dereva wa malori ya kwenda Kongo, alikuwa huko na mzigo, na WhatsApp hapatikani, kwa sababu siku ya kura mtandao huo ulibanwa Zambia. Nikaitaja habari hiyo kijiweni, nikitafuta wa kunitoa wasiwasi. Mmoja akauliza: "Kwani Kaunda si amekufa juzi tu?" Ni kweli, Kaunda alifariki Juni mwaka ule. Ila urais aliuacha mwaka 1991. Hapo katikati walishapita marais watano, na kijiwe kizima kilimkumbuka mmoja tu, Chiluba. Aliyemkumbuka ni fundi viatu, na alimkumbuka kwa viatu vyake.

Jumatatu Hakainde Hichilema akatangazwa mshindi kwa tofauti ya karibu kura milioni moja, safari yake ya sita kugombea. Rais aliyekuwa ikulu akashindwa, akakubali, akaondoka. Jambo hilo si la kila siku kwenye ukanda wetu. Kijiweni siku hiyo tulikuwa na Messi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametua Paris.

Simcheki fundi viatu. Anachokijua anakijua vizuri kuliko watangazaji wengine ninaowasikia redioni. Ninachouliza ni jinsi kinavyomfikia. Habari za nchi za watu hazinyeshi kama mvua, zinaletwa kwa mfereji, na mfereji una mwenyewe. Nyuma ya ligi ya Uingereza kuna anayeuza king'amuzi, kuna anayeuza bia, kuna anayesubiri uweke mkeka. Uchaguzi wa Zambia haumuuzii mtu king'amuzi.

Sasa tazama ardhini, uone mambo yalivyo kinyume. Reli ya TAZARA inakwenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, limefukiwa tangu miaka ya sitini, na siku hizi dizeli inayopita humo ndiyo inayowasha magari ya Wazambia. Barabara ya Tunduma kila mtu anaijua, angalau kwa foleni yake. Tumefungwa na nchi ile kwa chuma, kwa lami na kwa mafuta. Novemba 2020 ikashindwa kulipa deni lake la nje, ikahangaika hadi Juni 2023 ndipo ikaelewana na serikali zilizoikopesha. Humo humo katikati, sisi huku tulikuwa tunagombana juu ya deni letu la taifa, ugomvi uliopanda mpaka Spika Job Ndugai akajiuzulu Januari 2022. Nilifuatilia mjadala ule karibu kila siku. Sikumbuki kumsikia mchangiaji hata mmoja akisema: hebu tuwaulize wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, deni likikushinda inakuwaje? Bei ya unga inafanya nini? Mishahara ya walimu inakujaje? Tulinukuu Ugiriki. Ugiriki!

Nina kipimo changu cha kujua nchi ya watu, na sikukitoa chuoni. Bendera, mji mkuu na jina la rais ni mambo ya chemsha bongo. Mtu anaijua nchi akijua vitu vitatu: bei, foleni, na hofu. Kilo ya unga shilingi ngapi kwa pesa yao. Watu wanapanga foleni kupata nini. Na usiku, mlango ukigongwa, wanadhani ni nani. Ukinieleza hayo matatu kuhusu nchi yoyote, nitakusikiliza hata kama jina la waziri mkuu wao umelikosea.

Kwa kipimo hicho, dunia nzima inafeli, na waliosoma hawamo kwenye waliopona. Mwaka 2017 taasisi ya Gapminder ya Sweden, aliyoiasisi Hans Rosling pamoja na mwanawe na mkwewe, iliwauliza watu karibu 12,000 katika nchi 14, nyingi zikiwa nchi tajiri, maswali 12 kuhusu hali ya dunia: umaskini umepungua au umeongezeka, watoto wangapi wanachanjwa, mambo ya namna hiyo. Kila swali lilikuwa na majibu matatu ya kuchagua. Kwa wastani watu walipata mawili. Rosling alikuwa akisema sokwe akichagua kwa kubahatisha angepata manne, na alipowauliza maprofesa na wakubwa wa mashirika, mambo hayakuwa bora zaidi. Karibu wote walikosea upande mmoja: waliidhania dunia ya wengine kuwa mbaya kuliko ilivyo.

Utafiti mwingine unanisumbua zaidi. Mwaka 2014, Urusi ilipoichukua Krimea kutoka Ukraine, wataalamu watatu wa siasa waliwapa Wamarekani 2,066 ramani ya dunia, wakawaambia waoneshe Ukraine iko wapi. Mmoja kati ya sita ndiye aliyepatia. Walioikosa waliitupa kokote, wengine mpaka Afrika, wengine mpaka Amerika yenyewe. Kisha wakaulizwa kama nchi yao iingilie kijeshi. Kadiri mtu alivyoikosa Ukraine kwa mbali, ndivyo alivyozidi kutaka jeshi liende. Kutojua hakukuwanyamazisha, kuliwapa ujasiri. Nimewahi kuiona sura hiyo hiyo kijiweni, mada ikiwa Goma.

Na sisi watu wa Kiswahili hatuna udhuru wa kusema mambo ya nje ni mageni kwetu. Lugha yenyewe ni daftari la safari. Pilipili manga na komamanga vinataja Manga, yaani Uarabuni, upande wa Omani. Bata bukini amebeba jina la Bukini, ndiyo Madagaska ya leo. Bibi zetu walipovaa marikani walikuwa wanavaa pamba iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, biashara iliyonoga baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Na mwaka 1896, Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia, akaiandika safari yake kwa Kiswahili. Siberia, kwa Kiswahili, kabla hata reli yetu ya kati haijaanza kujengwa. Sisi wenye intaneti mfukoni tunaambizana kwamba Ulaya ni baridi.

Neno lenyewe Ulaya linatueleza. Mtu akiwa Helsinki yuko Ulaya, akiwa Toronto yuko Ulaya, akiwa Melbourne wengine watakwambia yuko Ulaya. Yuko majuu, yuko mbele, yuko mtoni. Lakini huku karibu tuna majina yenye ncha: Sauzi, Omani, Dubai, Kongo. Ukichunguza utaona majina yenye ncha ni ya mahali ambapo watu wa kawaida walikwenda kufanya kazi na kununua vitu. Riziki inachonga ramani.

Ndiyo maana mwalimu wangu wa mambo ya nje ni yule mjomba. Darasa la saba, mwaka wa ishirini na tano barabarani. Hana maoni kuhusu Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, lakini anajua ugali unabadilika jina njiani: Tunduma ni ugali, Kitwe ni nshima, Lubumbashi ni bukari. Anajua dagaa wa Ziwa Tanganyika akiuzwa Kigoma ni dagaa, akiuzwa Mpulungu ni kapenta, akiuzwa Bujumbura ni ndagala, na samaki mwenyewe hana habari. Anasalimia "muli shani" na kushukuru "natotela" kama mtu wa Kasama. Anajua akivuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, anahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na kwamba ajali nyingi alizoziona ni za madereva waliosahau jambo hilo saa kumi alfajiri. Mwaka 2024, Hichilema alipotangaza ukame kuwa janga la taifa, mjomba alikuwa ameshaliona wiki nyingi nyuma. "Anko, mahindi ya huku yamekaukia shambani, magunzi matupu," aliniambia kwa simu. Habari hiyo ilikuwa pesa taslimu kwa mkulima wa Songwe au Rukwa aliyekuwa na gunia ndani. Dalali aliyemfuata mkulima huyo nyumbani kwake alikuwa nayo. Mkulima hakuwa nayo.

Nisimpambe mno mjomba. Kongo anayoijua yeye ina upana wa barabara. Hatua mia mbili pembeni ya lami hajui kuna nini, na maoni yake kuhusu Wakongo yametoka kwa watu waliosimama kwenye vizuizi wakimnyooshea mkono. Ukimwambia Lubumbashi kuna chuo kikuu, anashangaa. Mjuzi wa riziki anajua kwa kina, ila kisima chake ni chembamba.

Mama mwenye duka la mapazia Kariakoo ana kisima chake pia. Guangzhou anaijua kwa vituo vya treni za chini ya ardhi. Vigae na samani anakwenda Foshan, vikorokoro Yiwu. Anajua Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao, na oda isiyolipiwa mapema italala mpaka warudi, kama watarudi, maana wengine wakifika nyumbani wanatafuta kibarua kingine. Kwa maana hiyo anajua jambo ambalo wachambuzi wetu wa China wanalisahau wakikaa studio kuzungumzia dola kubwa: kwamba mshonaji wa mapazia yale ni mtoto wa mkulima aliyehamia mjini kubangaiza, ndugu wa kambo wa machinga aliyesimama mbele ya duka lake. Nilimuuliza amejifunza wapi yote hayo. "Kwa kucheleweshewa kontena," akanijibu, akaendelea kupima kitambaa.

Halafu kuna wanaojua kuliko wote, na ndio wanaosema kidogo kuliko wote.

Dada mmoja wa mtaani kwetu alifanya kazi za ndani Maskati miaka miwili. Bibi mkubwa wa nyumba ile alikuwa na Kiswahili safi cha Unguja, kwa sababu ukoo wao ulikuwa miongoni mwa waliohamia Omani baada ya mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo dada yetu alisikia kila kitu: ugomvi wa mirathi, mtoto asiyetaka kuoa, malalamiko juu ya bei ya umeme, hofu ya vijana wa nyumba ile kukosa kazi serikalini. Omani ya ndani kabisa, ile ambayo balozi haioni. Na yeye mwenyewe aliijua hofu yake, pasipoti ikiwa kabatini kwa mwajiri. Aliporudi tulimuuliza mambo mawili: ulikuwa unalipwa ngapi, na je, ni kweli kule hakuna vumbi? Akajibu, "Alhamdulillah." Tukaridhika.

Kwa nini hasemi? Nimelifikiria sana hili, kwa sababu nina ndugu yangu Uingereza anayelea wazee, na naye hasemi. Zamani tuliwaita wabeba maboksi, tukacheka, kisha tukawaomba hela. Mtu aliye nje amebanwa pande mbili. Akisema maisha ni magumu, anaambiwa anataka kula peke yake, anawazibia wenzake njia. Akisema ni mazuri, kesho yake simu haikai kimya: ada, bati, msiba. Basi anatuma picha, amesimama pembeni ya gari, si lazima liwe lake. Picha haidaiwi maelezo. Nilipomtembelea ndugu yangu kwa video siku moja akiwa anatoka zamu ya usiku, niliona amevaa koti ndani ya nyumba. Nikauliza hita imeharibika? "Ipo," akasema, "ila umeme wa huku unakula mshahara." Miaka kumi na moja yupo kule, na hiyo ndiyo bei ya kwanza aliyowahi kunitajia.

Ukimya huo una wateja. Mwaka 2024 shirika la habari la AP liliripoti habari za wasichana wapatao 200 wa Kiafrika, wakiwemo wa Uganda, Kenya na Rwanda, walioitikia matangazo ya mtandaoni ya kazi na masomo Urusi wakajikuta Alabuga, Tatarstan, wakiunganisha droni za vita. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni huko Myanmar, mpakani na Thailand, na humo walikuwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia, wengi wakiwa wameahidiwa ajira halali Thailand. Tulipozisikia habari hizi, mitandaoni tuliwaita wajinga na wenye tamaa. Mimi naona aliyeandika tangazo ndiye wa kusomwa kwa makini. Yeye alikuwa ametusoma. Alijua bei zetu, alijua foleni yetu ya ajira ina urefu gani, alijua hofu ya binti wa miaka ishirini aliyemaliza shule na anaulizwa kila siku nyumbani ataanza lini kujitegemea. Alijua pia kwamba Urusi kwetu ni jina na theluji, na Thailand ni fukwe. Alitushinda kwa kipimo kile kile.

Mara moja moja pazia linafunguka lenyewe. Juni 25, 2024, vijana wa Kenya walipoingia bungeni Nairobi, wenzao wa Dar na Arusha walikuwa nao kwenye simu dakika kwa dakika. Waliuelewa Muswada wa Fedha. Walijua kwamba ulikuwa umependekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate. Mkate! Walijua bei, walijua foleni, na kadiri siku zilivyokwenda na watu walivyopotea, waliijua hofu. Hakuna kituo cha televisheni kilichowafundisha hayo. Wakenya walikuwa wanajisemea wenyewe, kwa lugha tunayoisikia bila mkalimani, na wakikosea ngeli tunawasahihisha huku tunalia nao. Nilimsikia mwendesha bodaboda Mbagala akimweleza abiria muswada ule kwa ufasaha ambao sijausikia kwa mbunge. Zambia wangekuwa wanaongea Kiswahili, sijui tungekuwa tunajua nini leo. Lakini Burundi wanakiongea, na mashariki ya Kongo wanakiongea, na hatuwaulizi, kwa hiyo lugha pekee haitoshi kunieleza.

Mwaka juzi nilipita Tunduma, nikaona nijipe mtihani wangu mwenyewe. Karibu na mpaka nilikaa kwa mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela, nusu ya wateja wake wanatoka Nakonde. Kiunoni ana vibindo viwili, kushoto shilingi, kulia kwacha, na anabadilisha kichwani haraka kuliko simu yangu. Nikamuuliza maswali yangu yote. Alinipa bei ya unga wa Zambia ya siku ile na ya mwezi uliopita. Aliniambia umeme Nakonde ulikatika saa ngapi, na kwamba ukikatika sana wanamjia kununua mkaa pia, hivyo ameanza kuweka. Aliniambia wateja wake wanamwogopa nani wakivuka na mzigo, upande ule na upande huu. Nilikuwa naandika mbio mbio, nimefurahi kama mwanafunzi.

Alipoona nimemaliza akaniuliza na yeye swali lake.

"Baba, na huko Dar, mchele wangu huu mnaununua kilo shilingi ngapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nyumbani mchele huwa naukuta mezani. Nikamwambia nitampigia simu mke wangu nimuulize. Akacheka sana, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri, wakaendelea kwa Kinamwanga. Neno moja tu nililishika, Kasama, na baada yake tarakimu.